Eben-ezeri: maswali yenu kuhusu jiwe la Samweli

Jina hili lipo kwenye vibao vya makanisa, kwaya, maduka na hata vioo vya daladala, kwa hiyo sikushangaa maswali kuwa mengi. Nimechagua matano.

Mchungaji wetu anasema Eben-ezeri maana yake ni "Mungu mwamba wangu". Ni sahihi?

Si sahihi, ingawa amekaribia. *Eben* ni jiwe, *ezeri* ni msaada: jiwe la msaada. Jina la Mungu halimo ndani yake. Nabii Samweli mwenyewe, aliyesimamisha jiwe na kulipa jina hilo, ndiye anayemtaja Mungu anapolieleza katika 1 Samweli 7:12: "Hata sasa BWANA ametusaidia."

Hiyo "hata sasa" ina maana kwamba hata leo bado anatusaidia?

Wengi wetu tunaisikia hivyo, na kosa si letu, ni la Kiswahili kilichosonga mbele. Katika Biblia ya Union, "hata" mara nyingi ni "mpaka", kama katika Zaburi ya 90: "tangu milele hata milele". Samweli anasema: mpaka hapa tulipofika, ametusaidia. Neno la Kiebrania alilotumia linabeba mahali na wakati pamoja. Anageuka nyuma na kuitazama njia waliyopita. Ya kesho hajayagusa.

Nimesoma sura ya 4 nikachanganyikiwa. Israeli walipigwa vibaya pale pale Eben-ezeri! Msaada uko wapi?

Hili ndilo swali nililokuwa nalingoja. Katika sura ya 4 Israeli wanapiga kambi Eben-ezeri, Wafilisti wako Afeki. Siku ya kwanza wanakufa watu kama 4,000. Wazee wanajiuliza kwa nini BWANA amewapiga, lakini hawangoji jibu. Wanatuma watu Shilo kulichukua sanduku la agano, liwaokoe. Kambi inapiga kelele mpaka nchi inavuma, kisha wanakufa 30,000, Hofni na Finehasi, wana wa kuhani Eli, wakiwemo, na sanduku linatekwa. Mzee Eli anasikia habari, anaanguka kutoka kitini na kufa.

Sasa soma sura ya 7. Wafilisti wamelirudisha sanduku, nalo limekaa mji wa Kiriath-yearimu miaka 20. Safari hii watu wanaondoa miungu migeni, Mabaali na Maashtorethi, wanafunga Mispa, wanaungama. Wafilisti wanakuja, Mungu ananguruma, wanakimbia. Hapo Samweli anasimamisha jiwe kati ya Mispa na Sheni, na kati ya majina yote anachagua lile la uwanja wa aibu.

Ukifuata maelezo, mahali si pamoja: Afeki iko kwenye tambarare, Mispa iko milimani kwa Benyamini. Yawezekana pia kwamba mwandishi wa sura ya 4 ametumia jina lililokuja baadaye. Kwa vyovyote vile, mimi nalisoma jina hilo kama kidonda kilichopona kwenye mwili ule ule.

Leo ni wapi?

Kwa Eben-ezeri ya sura ya 4, wanaakiolojia wengi hutaja Izbet Sartah, kama kilometa 3 mashariki ya Afeki. Mwaka 1976 kilipatikana hapo kigae chenye mistari mitano ya herufi, mmojawapo ukiwa alfabeti. Pengine mtu alikuwa anajifunza kuandika.

Nimeambiwa nisimike jiwe kwenye kiwanja changu, nilipake mafuta, nikiite Eben-ezeri, wachawi wasikiguse. Nifanye?

Usifanye, ndugu yangu. Aliyemimina mafuta juu ya jiwe ni Yakobo kule Betheli, na hakuwa analinda kiwanja. Samweli hakupaka kitu, na jiwe lake lilisimamishwa baada ya vita kwisha. Kutanguliza kitu kitakatifu mbele ili kikulinde ndiko walikofanya wazee wa sura ya 4, na chao kilikuwa sanduku la agano lenyewe. Kama umemaliza kulipia kiwanja bila kutapeliwa, hapo weka jiwe ukipenda, uwasimulie wanao ulikotoka.

Na dada aliyeuliza kama *ezeri* hii ndiyo ile ya Hawa, "msaidizi" wa Mwanzo 2:18: ndiyo, ni neno lile lile. Ndilo lililomo pia katika jina la Eliezeri mwana wa Musa, na katika Zaburi ya 121, "msaada wangu u katika BWANA". Mumeo akikuambia msaidizi ni mtu wa chini, mwombe aisome hiyo zaburi kwa sauti.