Dereva aliyeishtaki timu yake: barua kwa mwanangu

Mwanangu Hamisi,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jana baada ya isha, nikaurudia mara mbili, maana mara ya kwanza nilisikia tu huzuni iliyomo na maneno yakanipita. Umesema karakana yenu ya magari ya watalii hapo Arusha haijawalipa mwezi wa pili sasa. Mko mafundi tisa. Wenzako wanataka kwenda kudai kisheria, na tajiri amesema atakayethubutu ni msaliti wa kampuni. Halafu ukaniuliza swali ambalo najua kwa nini uliniuliza mimi: "Mama, yule dereva Pérez alipoipeleka timu yake ya Force India mahakamani, aliiokoa timu au aliiuza?"

Aliiokoa. Nalisema hilo nikiwa mtu aliyewahi kuwa mahali pale pale akanyamaza, na kilichotokea baadaye nitakueleza.

Unakumbuka mwaka 2018, umemaliza kidato cha sita, tunaangalia langalanga, zile mbio za magari za Formula One, pale sebuleni Mtoni feni ikipiga kelele. Yale magari ya Force India ya rangi ya waridi tuliyapenda wote. Timu ilikuwa imeshika nafasi ya nne duniani mwaka 2016, ikashika ya nne tena 2017, nyuma ya Mercedes, Red Bull na Ferrari tu, na ilikuwa na wafanyakazi kama 400 pale Silverstone, Uingereza, wachache kabisa ukilinganisha na vigogo hao. Wewe ulikuwa unauliza inakuwaje timu ya nne ikose hela. Sikukujibu vizuri siku ile.

Hela ya zawadi katika langalanga hugawiwa kwa kufuata nafasi ya timu mwisho wa msimu, lakini huingia kidogo kidogo mwaka unaofuata. Gari linatakiwa leo. Injini Force India walinunua kwa Mercedes, na Mercedes anataka chake. Vipuri, nauli za ndege, mishahara, vyote havisubiri. Katikati ya pengo hilo ndipo mwenye timu anapotakiwa kutia mkono mfukoni, na wenye timu hawakuwa na mfuko. Mmoja wao, Vijay Mallya, shirika lake la ndege, Kingfisher, lilikuwa limeacha kuruka tangu 2012 na kuacha madeni makubwa kwenye mabenki ya India. Mwaka 2016 yeye mwenyewe akaenda kukaa Uingereza huku akitafutwa kwao. Mwenzake kwenye hisa, Subrata Roy wa kampuni ya Sahara ya India, aliwekwa ndani mwaka 2014. Wadhamini wakiona hivyo nao wanasita. Kwa hiyo mafundi walikuwa wanafanya vizuri mbioni na kampuni inakauka, mambo mawili kwa wakati mmoja, na mtu wa nje haoni.

Kufikia Julai 2018 mdai mmoja alikuwa tayari yuko mahakamani London akitaka kampuni ifungwe. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea wanapomsema Pérez. Kampuni iliyoshindwa kulipa ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni kufungwa: anaingia mfilisi, mali inauzwa kipande kipande, wafanyakazi wanarudi nyumbani. Mlango wa pili ni kukabidhiwa kwa msimamizi. Huyo anachukua funguo kutoka kwa mwenye mali, wadai wanazuiwa kwa muda wasikamate kitu, karakana inaendelea kufanya kazi, na yeye anatafuta mnunuzi. Mtu anayedai naye anaweza kuuomba mlango wa pili. Pérez alikuwa anadai malipo yake, na Mercedes pamoja na BWT, wale wadhamini wenye rangi ya waridi, wakamuunga mkono. Mahakama ilitoa amri Ijumaa tarehe 27 Julai, wikiendi ya mbio za Hungary. Jumapili magari yote mawili yalikimbia.

Baadaye alieleza kwamba watu wa ndani ya timu ndio waliomwomba afanye hivyo, na kwamba moyo wake uliumia sana. Namwamini. Ukidai kwa chuki huchagui mlango ambao wewe mwenyewe utabaki ndani yake ukiendesha gari.

Mwezi uliofuata kundi la wawekezaji likiongozwa na Lawrence Stroll likanunua. Ajira 405 zikabaki. Wasimamizi wakatangaza kwamba wadai wote watalipwa deni lao kamili, jambo ambalo mimi katika maisha yangu ya uhasibu sijawahi kuliona kwa kampuni iliyofikia hapo. Gharama ilikuwepo. Kwa kuwa walinunua mali na si kampuni yenyewe, timu ilihesabiwa mpya, ikaitwa Racing Point Force India, na pointi 59 walizokuwa wamevuna tangu Machi zikafutwa zote. Wakaenda Ubelgiji na sifuri. Unakumbuka siku hiyo? Pérez wa tano, mwenzake Ocon wa sita, pointi 18 kwa mpigo, na wewe ulipiga kelele mpaka jirani akagonga dirisha. Mwisho wa mwaka walikuwa wa saba wakiwa na pointi 52. Timu ile ile leo inaitwa Aston Martin.

Sasa nikwambie yangu, maana nimekuficha miaka mingi.

Kabla hujazaliwa nilikuwa karani wa mishahara kwenye kampuni ya malori yadi yake ikiwa Chang'ombe. Malori yalikuwa yanakwenda Tunduma na kuvuka. Sitaitaja jina. Biashara ilikuwepo, mizigo ilikuwepo, lakini wateja walikuwa wanalipa baada ya miezi mitatu na dizeli inalipwa siku hiyo hiyo. Ni pengo lile lile nililokueleza. Mimi ndiye niliyekuwa nashika daftari. Niliona makato ya NSSF yanakatwa kwa madereva na utingo na hayapelekwi. Niliona mishahara ya mwezi inalipwa nusu, halafu robo. Tajiri aliniita ofisini akaniambia, mama, wewe ni mtu wa nyumbani hapa, usiwatie watu hofu. Nikaona fahari kuitwa mtu wa nyumbani. Fundi wetu wa breki alikuja dirishani kwangu mara tatu akiniuliza, dada, hali ikoje, aanze kutafuta kwingine? Mara zote tatu nikamwambia avumilie.

Miezi saba tulivumilia. Hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyekwenda kudai, kwa sababu kila mmoja alidhani kunyamaza ndiko kuijali kampuni. Waliokwenda ni wengine, waliotukopesha mafuta na matairi. Asubuhi moja tukamkuta dalali wa mahakama getini na karatasi mkononi, na malori yaliyokuwepo yadini yakaondoka kwa mnada. Kwa sheria mishahara ya wafanyakazi ina kipaumbele kampuni inapofilisiwa, lakini kipaumbele juu ya nini? Kulikuwa kumebaki meza, mashine ya kuchapa na kabati. Yule fundi alikuwa na watoto wanne. Hakupata senti, na mimi ndiye niliyemwambia avumilie.

Ndiyo maana nikisikia mtu anamwita Pérez msaliti nashindwa kukaa kimya.

Kuna timu zilizosubiri. Esteban Ocon, yule kijana mrefu aliyekuwa mwenzake Pérez, aliyapitia haya mara mbili. Wazazi wake walikuwa na gereji Ufaransa, wakauza nyumba wakaishi kwenye trela ili mtoto aendelee kukimbia. Mwaka 2016 alikuwa timu ya Manor. Manor walikuwa na pointi moja tu, aliyoipata dereva wao Pascal Wehrlein kule Austria, na pointi hiyo ilikuwa inawaweka nafasi ya kumi, juu ya timu ya Sauber. Wakati huo nafasi ya kumi ilikuwa na hela, ya kumi na moja haikuwa nayo. Mbio moja kabla ya ya mwisho, Brazil, tarehe 13 Novemba, mvua kubwa, Felipe Nasr wa Sauber akamaliza wa tisa na kupata pointi mbili. Ocon naye siku hiyo alikuwa ameshikilia nafasi ya kumi, akapitwa karibu na mwisho akawa wa 12. Mwenye timu alikuwa anaongea na wanunuzi, na mazungumzo yakafa. Januari 2017 msimamizi akaingia akakuta hakuna hela hata ya kuendesha karakana hadi mbio za kwanza. Watu 212 wakapoteza kazi mwezi huo huo. Mlango ulikuwa ule ule wa pili, ila waliufungua tanki likiwa tupu.

Na timu nyingine, Caterham, mwaka 2014 walifanya mchango. Kweli kabisa, kama sisi tunavyochangishana harusi. Wasimamizi waliwaomba mashabiki duniani paundi milioni 2.35 wafike Abu Dhabi. Walifika, magari mawili yakakimbia mbio moja, Will Stevens akamaliza wa 17, wa mwisho. Hawakurudi tena, na mali yao ikapigwa mnada. Nakutajia hili kwa sababu umesema tajiri wenu anataka mafundi mkubali kukatwa nusu mshahara "kuichangia kampuni". Mchango unakufikisha mbio inayofuata tu. Mwambie kwanza aonyeshe nani anamdai na anadai nini. Akikataa kuonyesha hesabu, amekujibu.

Najua wewe si Pérez. Yeye alikuwa na wanasheria na jina. Wewe una bodaboda ya kulipia na mke mjamzito. Ukienda peke yako watakutafutia sababu wakutoe. Kwa hiyo msitangulie mmoja. Andikeni barua moja, majina tisa, saini tisa, mpeni tajiri nakala kwa adabu, mkimweleza kwamba mnataka karakana iishi na ndiyo maana mnadai sasa angali na magari uani. Asipojibu, nendeni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi ipo hapo hapo Arusha. Wanaanza na usuluhishi, mnakaa mezani naye, hakuna anayefungwa. Lakini siku zinahesabiwa: madai kama yenu ni siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, na aliyeachishwa kazi ana 30 tu. Ukipitisha inabidi kuomba ruhusa ya kuchelewa na kutoa sababu, na kusema "tulikuwa tunavumilia" haitoshi.

Kusanya mkataba wako, hati za mishahara, na taarifa ya michango yako ya NSSF. Hiyo ya mwisho iombe kesho. Mimi nilijua kuwa haipelekwi na madereva hawakujua. Wewe usikae kama walivyokaa wao.

Mshahara wa kwanza uliokosekana ulitakiwa kuingia tarehe ngapi? Hukusema. Ihesabu kuanzia siku hiyo leo usiku, unipigie kabla ya saa mbili asubuhi, sijatoka kwenda Tandika.

Msalimie mkweo, na umwambie Zuhura asibebe ndoo.

Mama yako
Mtoni, Dar es Salaam