Helikopta si kifaru: jibu kuhusu mabamba ya chuma

SWALI: Mdogo wangu ni rubani wa helikopta ya kubeba askari, ile ya injini mbili. Kila nikitazama video za vita naona helikopta ikipigwa injini inaanguka kama jiwe. Jirani yetu, fundi wa kuchomelea, anasema dawa ni kuifunga mabamba ya chuma pande zote kama kifaru. Kwa nini jeshi halifanyi hivyo?

JIBU: Dada yangu, hilo la kuanguka kama jiwe nalimaliza upesi. Injini zote mbili zikizima, rubani anashusha papo hapo wenzo ulio mkono wake wa kushoto. Mapanga yanayozunguka juu yanalala bapa, helikopta inaanza kushuka, na upepo unaopanda kutoka chini unaendelea kuyazungusha. Karibu na ardhi anauvuta wenzo juu, na nguvu iliyobaki kwenye mapanga inapunguza kishindo. Marubani hulifanyia mazoezi hilo tangu mafunzoni. Hatari kubwa iko pale helikopta inapokuwa imesimama hewani, haina mwendo na haiko juu vya kutosha. Injini moja tu ikipigwa, nyingine inaweza kumrudisha mdogo wako kambini, ilimradi mzigo haujazidi.

Sasa nije kwenye mabamba, kwa sababu shauri hilo nimelisikia kwa askari, kwa makamanda na kwa watu wanaojiita wachambuzi, na kila nikilisikia damu inanichemka. Piga hesabu pamoja nami. Bamba la chuma la unene wa milimita 10, lenye ukubwa wa mita moja kwa mita moja, lina uzito wa karibu kilo 78. Huyo ni mtu mzima. Funika mita kumi za mraba, ambazo hazitoshi hata ubavu mmoja na sakafu, umeshapakia karibu kilo 800 zisizopigana wala kuokoa mtu. Injini moja ikizimika siku ya joto, ile iliyobaki huenda isiweze kuishikilia ndege hewani. Hapo bamba lililowekwa kumlinda rubani ndilo litakalomshusha.

Uzito na joto vimeitawala helikopta tangu siku zake za mwanzo vitani. Aprili 1944 kule Burma, Myanmar ya leo, Luteni Carter Harman wa Marekani alitumwa na helikopta ndogo aina ya Sikorsky R-4 kuwatoa watu wanne nyuma ya mistari ya Wajapani. Katika joto lile mashine haikuweza kubeba zaidi ya abiria mmoja, kwa hiyo aliwatoa mmojammoja. Injini za leo zina nguvu nyingi zaidi, lakini hewa ya joto na ya milimani bado ni nyepesi kama ilivyokuwa siku ile.

Waundaji wanalijua hilo, ndiyo maana kinga huwekwa pale tu inapolipa: kiti cha rubani, sakafu chini ya miguu yake, matangi ya mafuta yanayojiziba yakitobolewa. Mapanga ya Apache, helikopta ya mashambulizi ya Marekani, yalisanifiwa yahimili risasi za milimita 23. Giaboksi kuu ya Black Hawk, helikopta ya kubeba askari, yaani sanduku la gia linalopeleka nguvu ya injini kwenye mapanga, ilisanifiwa iendelee kufanya kazi kama nusu saa baada ya mafuta yake yote kumwagika, rubani apate muda wa kuondoka eneo la hatari.

Na hata kinga hiyo haimpi mtu ruhusa ya kusimama mbele ya bunduki. Machi 2003, Apache zaidi ya 30 za Marekani zilikwenda usiku kuishambulia divisheni ya Medina ya jeshi la Iraki karibu na mji wa Karbala. Zilipokewa kwa risasi kutoka kwenye nyumba na mitaa. Moja ilibaki huko, marubani wake wawili wakatekwa, na karibu zote zilizorudi zilikuwa na matundu. Kinga iliwarudisha nyumbani, lakini shambulio lilishindwa. Siku chache baadaye Apache za kikosi kingine ziliifuata divisheni hiyohiyo, safari hii zikipiga huku zikiwa kwenye mwendo, mizinga na ndege za kivita zikizisaidia. Kilichobadilika kati ya safari hizo mbili ni namna ya kuruka.

Kitu kingine ambacho bamba haligusi ni kile kinachoanzia ndani. Chini ya giaboksi kuna kizibo chenye sumaku kwenye ncha. Ukikifungua, unakitazama kwenye mwanga: ukungu laini wa chuma, kama masizi, ni kawaida. Ukiona kibanzi kinachong'aa, chenye ukingo unaokwaruza kidole, beringi au jino la gia linamenyeka. Katika kambi moja niliyofanyia kazi, kizibo kilifutwa kwa kitambaa na kurudishwa mara tatu kwa sababu safari zilikuwa nyingi. Mara ya nne nilikikuta mimi, nikaisimamisha ndege. Mkubwa wangu alinifokea mbele ya wenzangu wote. Tulipofungua, beringi ilikuwa imechimbika kama jino bovu. Ndani ya helikopta ile wangepanda watu kumi na wanne, na giaboksi kuu ni moja tu, haina ya akiba.

Kwa hiyo ninyi mafundi mlioko kambini, na makamanda mnaowaharakisha: anayekuja na bamba na mashine ya kuchomelea, mwulizeni kwanza ndege itapimwa uzito upya lini, na kitovu cha uzito kitahamia wapi. Bamba zito likiwekwa mbele sana, rubani anaweza kuvuta usukani hadi mwisho na pua isinyanyuke. Fundi asitie saini ndege ambayo haijapimwa, hata akifokewa.

Nawe dada, mdogo wako akipiga simu, usimuulize habari za chuma. Muulize kama wanapiga hesabu ya nguvu ya injini moja kabla ya kila safari, kwa joto la siku hiyo na idadi ya askari wanaopanda siku hiyo.