Kuitwa PAC kuhusu hoja za CAG: jibu kwa mhasibu mgeni

Mdogo wangu, umesema wakala wenu umepata hati yenye shaka (maoni kwamba hesabu zina kasoro) kutoka kwa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, mmeitwa mbele ya PAC, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, na bosi amekutupia wewe kuandaa majibu. Pole, ila usipaniki.

Kwanza, atakayejibu ni Afisa Masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake. Wewe kazi yako ni kumpa karatasi zilizokamilika. Chukua hoja (kasoro zilizoandikwa na wakaguzi) moja moja, mfano malipo yasiyo na viambatisho: tafuta vocha, risiti ya mashine ya EFD, hati ya kupokelea mzigo, uzipange kwa namba ya hoja ileile aliyoiandika CAG. Nimeona mtu akipekua boksi mbele ya wabunge, jasho linamtoka, vocha ikiwa imebaki ofisini!

Halafu pelekeni vielelezo kwa wakaguzi mapema wavihakiki. Kamati hukaa na ofisi ya CAG pembeni, na mwenyekiti atawageukia wakaguzi tu: "Mmeiona hii?" Wakisema hapana, hapo hamna utetezi.

Kisichopatikana msikitungie. Vocha iliyotengenezwa jana inajulikana hata kwa wino, na hapo hoja ya ukaguzi inageuka jinai. Semeni haipo, na nani amechukuliwa hatua gani.