Bei ya mkataba wa storeji imepanda: tulipe, au tununue mpya?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni afisa TEHAMA wa hospitali moja Mbeya. Storeji yetu (mashine ya pamoja inayohifadhi data za seva zote) imetimiza miaka mitano. Ina kontrola mbili (ubongo wa mashine), diski 24 za SAS (aina ya diski za seva) za TB 1.8 (mizunguko 10,000) zinazobeba hifadhidata na seva pepe, na diski 12 za TB 4 zinazobeba picha za X-ray na CT. Zote ziko kwenye RAID 6, mpangilio unaovumilia diski mbili kufa. Mtengenezaji ametuletea bei mbili kutoka ofisi yake ya nje: dola 21,500 kuongeza mkataba wa huduma mwaka mmoja kwa daraja la saa nne (ahadi ya kuhudumiwa ndani ya saa nne), au dola 118,000 kwa storeji mpya ya SSD tupu, yaani diski za chipu zisizozunguka. Anasema ya sasa imejaa asilimia 88 na imezeeka. Mkurugenzi wa fedha anauliza kwa nini tusiache vyote viwili. Nimjibu nini?

JIBU: Mwambie kwamba hizo dola 21,500 zimefunga pamoja vitu vitatu visivyofanana: vipuri, fundi wa kuvibadilisha, na haki ya kupakua fimwea (programu ya ndani ya kifaa) na kuwapata wahandisi walioandika programu ya storeji yenyewe. Vipuri unaweza kununua mwenyewe. Kubadilisha diski au pawa saplai ni kazi ya dakika tano na unaiweza. Cha tatu hakipatikani kwingine, kwa hiyo hicho ndicho cha kupigia hesabu kwa makini. Hayo mengine mawili mnalipia kwa bei ambayo hamna sababu ya kuilipa.

Anza na hizo saa nne. Uliza kwa maandishi ghala la vipuri liko wapi. Likiwa Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 800 za barabara mpaka kwenu; likiwa nje ya nchi, katikati kuna forodha. Kisha usome mkataba upya, maana mara nyingi saa zinaanza kuhesabiwa baada ya wao kuthibitisha tatizo, wala si tangu ulipopiga simu. Diski iliyo kwenye kabati la ofisi yako itafika kabla ya ahadi yoyote. Omba bei ya daraja la siku ya kazi inayofuata, uone tofauti, na sehemu ya tofauti hiyo igeuke akiba ya vipuri.

Kwa mashine yenu, akiba ya kutosha ni diski tatu za TB 1.8, mbili za TB 4, pawa saplai moja ya kila aina iliyomo, moduli mbili za SFP+ (za kuunganishia nyaya za mtandao), kebo mbili za SAS na betri moja ya kache, ile kumbukumbu ya haraka inayoshika data kabla haijafika kwenye diski. Kwa diski 36 za umri huo, panga kwamba mbili zitakufa ndani ya mwaka. Zikifa chache, heri yenu. Betri ndiyo watu huisahau. Ikichoka, kontrola nyingi huacha kutumia kache ya kuandikia na kuanza kupeleka kila kitu moja kwa moja kwenye diski. Storeji haizimiki, inakuwa nzito tu, na dirisha la mapokezi litalalamika kwamba mtandao uko chini wakati mtandao hauna shida yoyote. Betri za lithiamu huzeeka hata zikiwa kwenye boksi, kwa hiyo nunua moja yenye tarehe ya karibuni, usirundike tano.

Ukipata kontrola ya tatu iliyorekebishwa, ya modeli ileile, ichukue. Hakikisha inaweza kupandishwa au kushushwa hadi toleo la fimwea mnalotumia, na jua kama leseni zenu zimefungwa kwenye namba ya chasisi au ya kontrola. Zikifungwa kwenye kontrola, kipuri hicho hakitawasaidia siku ya ajali mpaka mtengenezaji atoe leseni upya.

Kwenye diski ndipo fedha nyingi hupotelea. Namba ya kutafutia ni namba ya kipuri iliyo kwenye lebo ya trei. Namba ya modeli ya kiwanda cha diski haitoshi: diski ileile ya Seagate inaweza kuwa na fimwea ya kawaida au fimwea ya mtengenezaji wa storeji, na kontrola itaikataa ile ya kawaida. Storeji nyingi kubwa pia hutumia sekta za baiti 520 badala ya 512, baiti nane za ziada zikiwa za kukagua usahihi wa data. Diski ya namna hiyo ukiichomeka kwenye seva ya kawaida ya Linux, mara nyingi itaonyesha ukubwa wa sifuri. Haijafa. Kama unaitaka kwa seva, amri ya sg_format --format --size=512 itaigeuza kwa saa kadhaa, na umeme usikatike katikati. Kama ni kipuri cha storeji yenyewe, usiiguse sekta zake hata kidogo.

Kabla hujamlipa muuza diski zilizotumika, mwombe ripoti ya smartctl -a (amri inayosoma afya ya diski) ya kila diski, na zikifika uitoe upya mwenyewe. Kwenye diski za SAS angalia mistari miwili. Wa kwanza ni "Accumulated power on time": saa 43,800 ni miaka mitano ya kuwaka bila kuzimwa, na hapo bei iwe ndogo sana au uachane nayo. Wa pili ni "Elements in grown defect list", yaani sehemu za diski zilizoharibika baada ya kutoka kiwandani. Sifuri ndiyo tunayoitaka. Namba ndogo isiyobadilika inavumilika; inayopanda baada ya kuisoma diski nzima mara moja inairudisha kwa muuzaji. Kwa SSD tafuta "Percentage used endurance indicator", ambayo inakuambia uhai wa kuandikia umetumika kwa kiasi gani.

Sasa fimwea, mahali ambapo sikushauri ubane matumizi bila kufikiri. Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za SAS zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwaka, yaani miaka mitatu, siku 270 na saa nane. Machi 2020 likaja tangazo jingine, la SSD nyingine, mpaka wake saa 40,000. Fikiria maana yake. Diski zilizowashwa pamoja zinakufa karibu wakati uleule, zote, na RAID 6 inayovumilia vifo viwili haina la kufanya. Dawa ilikuwa fimwea mpya, iwekwe kabla ya saa hiyo. Asiyekuwa na njia ya kupata fimwea anabaki na tarehe ya msiba.

Ndiyo sababu kampuni za matengenezo zisizo za mtengenezaji, hata zikitoza bei nafuu zaidi, zinafaa kwa mashine ya aina fulani: iliyotulia, yenye fimwea ya mwisho iliyopendekezwa, na ambayo vipuri vyake vimejaa sokoni. Storeji yenu ya diski za kuzunguka inaelekea huko. Kampuni hizo zinaleta vipuri na mafundi, lakini hazina haki ya kukupa fimwea ya mtengenezaji. Ukienda kwao, uliza vipuri vyako mahususi viko ghala gani, na uvione kwenye orodha yao kwa namba. Storeji mpya za SSD zenye moduli za umbo la kipekee ni habari nyingine. Hizo baki nazo kwa mtengenezaji mwenyewe, kwa sababu kipuri chake hukipati kokote.

Kodi nayo ina sehemu yake kwenye bei. Ada ya huduma mnayomlipa asiye mkazi wa Tanzania hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15. Mkataba ukisema anataka dola 21,500 kamili mkononi, gharama yenu ni 21,500 gawanya kwa 0.85, karibu dola 25,300. Mhasibu aisome ibara hiyo kabla ya saini.

Tuje kwenye asilimia 88. Kabla ya kuamini kwamba mmejaa, tafuta kilichojaza. Futa snapshoti (nakala za hali ya data kwa wakati fulani) za zamani zilizosahauliwa, zile zilizochukuliwa "kabla ya kuboresha mfumo" zikabaki mwaka mzima. Angalia kama bakapu zinaandikwa kwenye storeji hiyohiyo, kosa linalokula nafasi na tena halikingi chochote. Kisha rudisha nafasi iliyofutwa ndani ya seva pepe. Kwenye voliyumu zinazokua kadiri data inavyoingia, faili ikifutwa ndani ya Windows au Linux storeji haijui mpaka iambiwe. Linux ni fstrim -av. Windows ni Optimize-Volume -DriveLetter E -ReTrim. Kama VMware yenu (programu ya kuendesha seva pepe) bado ina VMFS 5, toleo la zamani la mfumo wake wa mafaili, nafasi ya seva zilizohamishwa hairudi yenyewe, inabidi uendeshe esxcli storage vmfs unmap -l na jina la hifadhi. VMFS 6 hufanya hivyo polepole yenyewe. Endesha usiku, kwa sababu kazi hii huisumbua storeji.

Picha ndizo zitakazobaki, na picha za miaka mitatu iliyopita hazifunguliwi mara kwa mara. Hazihitaji SSD, hazihitaji hata kontrola mbili za bei mbaya. Seva moja yenye nafasi 12 za diski za inchi 3.5, kumbukumbu ya ECC (inayosahihisha makosa) ya GB 64, kadi ya HBA ya SAS (inayounganisha diski bila kuzifanyia RAID) na diski 12 za TB 12, ikiendeshwa kwa ZFS, mfumo wa mafaili unaosimamia diski wenyewe, katika makundi mawili ya raidz2 ya diski sita sita, kila kundi likivumilia diski mbili kufa, inakupa TB 96 kabla ya mfumo kuchukua fungu lake. Usiijaze kupita asilimia 80. Mfumo wenu wa picha, kama mifumo mingi ya radiolojia, pengine unaweza kuhamisha picha zenye umri fulani kwenda hifadhi ya pili bila daktari kuona tofauti.

Seva ya namna hii inapoharibika, huwa kwa njia zilezile. Mtu anaacha kadi ya RAID katikati, ZFS haizioni diski zenyewe na haiwezi kuzikagua. Au ananunua diski za SMR, ambazo mistari yake ya data hupandana na kuandika upya kukawa kwa polepole, kwa kuwa ni za bei nafuu. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red zilikuwa za SMR, na wenye ZFS wakakuta kujenga upya diski iliyokufa kunachukua siku nyingi au kunashindikana. Diski ya TB 12 ya kawaida, kwa MB 200 kwa sekunde bila kusimama, inachukua karibu saa 17, na huo ndio muda mfupi kabisa. Panga ukaguzi wa data yote kila mwezi, na nakala ya pili iwe nje ya jengo. Kama hakuna mtu zaidi yako anayeielewa ZFS, mfundishe mmoja kwanza, ndipo ununue.

Kuhusu kasi, pima kabla ya kukubali SSD tupu. Diski ya mizunguko 10,000 hutoa kama operesheni 140 (za kusoma au kuandika) kwa sekunde. Diski 22 (mbili ukiziacha za akiba) ni 3,080. Kwa RAID 6 kila uandishi hugharimu operesheni sita, hivyo kazi ya kusoma asilimia 70 na kuandika 30 inabakiwa na 3,080 gawanya kwa 2.5, kama 1,230. Chukua vipimo vya wiki mbili zenye mwisho wa mwezi ndani yake, kwa iostat -x 60 au chati za storeji yenyewe. Mkiwa chini ya 800 na kusubiri kuko chini ya milisekunde 15, hamna tatizo la kasi. Mkigonga 1,200 mchana kutwa, SSD nne kwa ajili ya hifadhidata tu zitamaliza shida, mradi storeji inazikubali.

Siku mtakaponunua mpya, msikubali uwezo wa "baada ya kubana data". Muuzaji akikuahidi nne kwa moja, picha za CT zilizokwisha kubanwa hazitabanika tena. TB 30 zitabaki TB 30. Dai uwezo halisi kwenye zabuni, mkataba wa miaka mitano ndani ya bei ya kwanza, bei ya mwaka wa sita na wa saba iandikwe leo, na bei ya diski za nyongeza isizidi ya sasa. Baada ya kusaini huna nguvu tena ya kudai hayo.

Kwa mwaka huu, basi, ombeni daraja la siku inayofuata, mnunue akiba, mhamishe picha za zamani. Wakigoma kushusha bei, nendeni kwa kampuni ya matengenezo isiyo ya mtengenezaji. Lakini siku 90 kabla ya mkataba kuisha pandisha fimwea ya kontrola na ya diski hadi ya mwisho iliyopendekezwa, pakua mafaili yote mnayostahili pamoja na leseni na miongozo, na uweke lango la usimamizi kwenye VLAN (mtandao uliotengwa) isiyofikika kutoka mtandao wa wodi, kwa kuwa viraka vya usalama havitakuja tena. Kwenye mkataba wowote, ongeza kipengele cha ninyi kubaki na diski zilizokufa. Zina taarifa za wagonjwa, na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nyie ndio wa kujibu zikipotea njiani.

Rejesha bakapu moja nzima kwenye seva tupu na uone inafunguka. Hilo likipita, Jumamosi usiku, huku mkataba ungali hai na simu ya mtengenezaji bado inapokelewa, zima kontrola moja makusudi na uangalie kama ya pili inabeba kazi yote.