Ndama anaharisha tangu nibadilishe maziwa, tatizo ni unga?

SWALI: Daktari shikamoo. Nina ndama jike wa Friesian, ana siku 12. Kuna mtu alinishauri nimpe maziwa ya unga ili ya mama yake yote yaende kituoni kuuzwa, nikanunua mfuko wa bei ya chini kuliko yote dukani nikaanza siku hiyohiyo. Siku ya tatu kaanza kuharisha, kinyesi majimaji ya njano na vichembe kama chenga, mkia wote umegandamana. Kunywa anakunywa ila amelegea. Nimekosea kuchanganya au? (Msomaji, Tukuyu)

JIBU: Marahaba. Unga tutaujadili, kwanza ndama. Mfinye ngozi ya shingo uiachie, ikikawia kurudi, au macho yameingia ndani, huyo ameishiwa maji na daktari wa mifugo aje leo, sio kesho. Mpe maji ya chumvichumvi ya ndama ya dukani, lita 2 ya uvuguvugu, mara mbili tatu kwa siku, ila usiyachanganye na maziwa, acha kama saa mbili zipite kati. Na maziwa usimkatie! Watu wengi wanakata wakidhani wanapumzisha tumbo, kumbe wanamuua kwa njaa. Mrudishe kwenye maziwa ya mama yake, akiwa na kilo 40 basi lita 4 kwa siku, mbili asubuhi mbili jioni.

Sasa geuza huo mfuko usome nyuma. Nabashiri utakuta unga wa soya, labda na ngano, na kwenye faiba, yaani nyuzinyuzi za mimea, wameandika zaidi ya asilimia 0.2. Maziwa hayana faiba, kwa hiyo ikionekana pale ujue mmea umeingia. Wenye mfuko wataringia protini asilimia 22, sawa, lakini protini ya nini? Ndama wa chini ya wiki 3 tumbo lake limeumbwa kwa maziwa tu, vimeng'enya vya kuvunja protini ya mimea bado ni vichache, halafu soya isiyosindikwa vizuri ina vitu vinavyozuia hata hivyo vichache visifanye kazi, na vingine mwili wa ndama unavikataa kama mzio, vile vidole vidogo vya utumbo vinavyofyonza chakula vinasinyaa. Chakula kinapita, bakteria wa utumbo wa chini wanafanya karamu, na wewe unaona chenga kwenye kinyesi.

Soya si sumu, iliyosindikwa vizuri ndama wa mwezi na kuendelea anaivumilia. Huyu wako bado mchanga, akishapona na ukitaka kurudi kwenye unga, mtafutie wenye maziwa yaliyotolewa mafuta au whey, yaani yale maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini. Na ubadilishe taratibu, siku 4 au 5 ukichanganya na ya mama yake.

Nisikudanganye lakini, umri huo kuharisha kunaweza pia kuwa ni virusi vya rota au vijidudu vingine, na unga mbaya unawafungulia mlango tu. Ndiyo maana daktari amwone. Na hivi dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama yake, alipata ya kutosha siku ya kwanza? Hujaniambia.

SWALI: Nilitia kigandishi cha jibini kwenye maziwa ya unga ya ndama nione kama yataganda, hayakuganda. Nimeuziwa feki? (Msomaji, Njombe)

JIBU: Si lazima. Kinachoganda ni kazeini, protini ya maziwa, unga wa whey hauna hiyo kwa wingi kwa hiyo hautaganda ng'o, na ndama anaumeng'enya vizuri tu. Jaribu hivi: koroga kwenye glasi kwa maji ya moto kiasi, kama nyuzi 45, uache dakika kumi. Ukiona tope zito limetuama chini, mara nyingi hilo ni la mimea, basi hapo rudi dukani na mfuko wako na risiti.