Ukumbi tunao, paa ndilo hatuna

Mwauliza wiki hii kama mji wa Lamu wahitaji ukumbi mkubwa wa michezo na burudani. Mara ya kwanza nilijibu hapana. Ukumbi tumeukuta: Ngome ya Lamu, na uwanja wa Mkunguni mbele yake. Bao lachezwa pale chini ya miti. Ngome ilimalizika 1821, ikawa jela kuanzia 1910 hadi 1984, kisha ikaingia mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Leo ndani mna maktaba, maonyesho, na harusi.

Harusi ndiyo iliyonishikisha kalamu. Mdogo wangu tulimpamba mle uani, masika yameanza. Kuta zile ndefu hazipitishi jicho la mwanamume, kwa hivyo mabuibui yalivuliwa yakarundikwa kwenye ngazi. Mvua ikashuka bila hata ngurumo. Turubai la kukodi likajaa maji, likaning'inia kama tumbo la papa, likapasuka. Wanawake wanne wakanyakua mkeka, wakamfunika bibi harusi, wakaenda naye polepole hadi kibarazani pembeni, vikuba vya asumini vikielea nyuma yao. Shangazi yangu, ambaye utotoni akimpelekea kaka yake chakula kwenye lango lilo hilo enzi za jela, hakutoka uani. Alisimama mvuani akipiga tari mpaka ngozi ikalegea, kisha akapiga makofi. Tulicheza tumerowa hadi saa sita za usiku. Siku ya pili watoto wengi walikuwa na homa, na nguo ya bibi harusi haikufaa tena.

Nimekuwa nikiusimulia usiku ule kwa fahari. Leo ninapouandika naona jingine. Mvua ikiwakuta wanaume Mkunguni, hukimbilia baraza yoyote. Sisi tukishavua mabuibui, hatuna pa kukimbilia sote.

Basi wajenge, ila wasijenge Mokowe, kule bara ng'ambo ya maji. Nani atavusha bibi harusi na wazee kwa mashua usiku? Wala wasiuguse Mji Mkongwe wetu wa Lamu, ulioingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Pawe pa kwendeka kwa miguu, pawe na paa na kuta. Wakisema Mkunguni pafungwe ili ukumbi mpya upate watu, narudi kwenye hapana yangu. Na siku za wanawake ziandikwe mapema kwenye ratiba, tusije tukaambiwa tungoje mechi ziishe.