Titi la Mmarekani na la kwetu si titi tu?

SWALI: Habari za kazi daktari. Mdogo wangu amekutwa na kansa ya titi, sasa kila nikishika simu naona eti Marekani wagonjwa 90 kati ya 100 wanafika miaka mitano, India 66. Kwani titi si titi tu? Na Tanzania tupo wapi hapo? – Mama Salma, Tanga

JIBU: Pole sana mama Salma. Namba hizo ni za kweli, ni za utafiti wa CONCORD-3 uliotoka 2018, walikusanya rekodi za wagonjwa milioni 37.5 nchi 71, na hizo za titi ni za waliogundulika 2010 mpaka 2014. Ila hiyo miaka mitano inaanza kuhesabiwa siku majibu yanatoka, sio siku uvimbe umeanza! Chukulia wanawake wawili, uvimbe uleule, wote wamefariki 2014. Mmoja alipima 2008 kauvimbe kakiwa kama punje ya mahindi, huyo kavuka miaka mitano. Mwenzake kaenda 2012 titi lishatoka kidonda, huyo hajavuka, na wamezikwa mwaka mmoja.

Hata wakubwa wanaingia mkenge. 2007 Rudy Giuliani akitafuta urais Marekani alijigamba kwao kansa ya tezi dume wanapona 82 kati ya 100, Uingereza 44 tu, kumbe ukihesabu vifo kwa idadi ya watu nchi zote mbili zilikuwa karibu sawa, Wamarekani walikuwa wanapima damu wanaume kibao wasio na dalili yoyote, hivyo hesabu yao inaanza mapema. Ndo maana ukiambiwa kupona kumepanda, uliza na vifo vimeshuka?

Kwenye titi lakini pengo lipo kweli, sio kalenda tu, kuwahi kunaokoa na dozi isiyokatika katikati inaokoa.

Tanzania haimo kwenye zile nchi 71. Kuhesabu hivi kunataka rejista ya eneo zima inayojua nani yu hai nani kafa, na huku mgonjwa akimaliza mionzi anarudi kijijini, anabadilisha laini, karani anapiga wee simu haipatikani, sasa amwandike yupo au hayupo?

Mdogo wako sio asilimia. Muulizeni daktari wake yuko stage ya ngapi, yaani ugonjwa umefika wapi, na mkifungua faili andikisheni namba mbili za simu, yake na ya kwako.